Kijitabu cha Mahone: reli imeiva, siasa bado mbichi

Kijitabu hiki cha Kiswahili kuhusu maisha ya William Mahone, mhandisi wa reli, jenerali na mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 19, kinauzwa Kampala kwa shilingi 15,000. Kina kurasa 64 zilizobanwa kwa pini mbili, na zile za katikati huchomoka mapema. Mpe fundi akishone kwa uzi.

Thamani yake iko kwenye sura ya pili. Mahone, mzaliwa wa jimbo la Virginia mwaka 1826, alikuwa mhandisi mkuu wa reli ya Norfolk na Petersburg, na njia ilibidi ikatize kinamasi cha Great Dismal. Mchoro umeeleweka: magogo yamelazwa kukingama na njia, chini ya usawa wa maji, juu yake udongo, halafu mataruma. Gogo lililozama halipati hewa, kwa hiyo haliozi. Maji yakishuka, linaoza na tuta linadidimia. Hili la mwisho mwandishi kaliruka, na ndilo angeliuliza kwanza yeyote aliyeona kifusi kikimezwa na matope ya mafunjo. Njia ilikamilika 1858, na treni za mizigo bado zinapita juu ya tuta hilo.

Kwenye upana wa reli kimeboronga. Kinaandika milimita 1,435, kumbe zilikuwa za futi tano, yaani 1,524. Reli za majimbo ya Kusini ya Marekani zilisogezwa kukaribia upana huo wa 1,435 mwaka 1886 tu, wakati kampuni yake ya Atlantic, Mississippi and Ohio, maili 408 kutoka Norfolk hadi Bristol, ilikwisha kufilisika na kuuzwa 1881. Aliyezoea reli yetu ya mita moja na hadithi za SGR, ile reli mpya ya 1,435, ataguna.

Siasa imepewa kurasa nne tu! Chama chake cha Readjuster kilipunguza deni la Virginia, kikazipa shule fedha, kikafuta kodi ya kupigia kura na adhabu ya viboko hadharani, kwa kura za Weusi na Weupe pamoja. Yeye akaingia Seneti ya Marekani, 1881 hadi 1887. Lakini kwenye pigano la Crater, Julai 30, 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ambamo Mahone alikuwa jenerali wa Kusini iliyotetea utumwa, kijitabu kinamsifu na kunyamaza kuhusu askari Weusi waliouawa na vikosi vya Kusini wakiwa wamekwisha kusalimu amri. Bila hilo, msomaji haoni jinsi muungano wake wa baadaye ulivyokuwa wa ajabu.

Mwalimu akinunue kwa ajili ya mchoro, hayo mengine ayajazie mwenyewe. Ramani imebanwa hadi majina ya stesheni hayasomeki, kwa hiyo usikubali zaidi ya 10,000.