Tableti ya kupimia magari niliyouziwa Kariakoo: imejifunga Prado ya mteja ikiwa wazi

Nyota moja, na hiyo naipa begi lake, maana zipu bado inafungwa vizuri.

Mimi ni fundi umeme wa magari, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mwaka jana, masika yakielekea kuisha, nilinunua tableti ya kupimia magari kwenye duka moja la Kariakoo. Jina silitaji. Habari za ukubwa wa kioo na muda wa chaji mtazikuta kwenye boksi. Mimi nina neno na siku ya Prado.

Prado yenyewe ni ya injini ya dizeli ya 1KD, ya mzee mmoja mstaafu. Asubuhi inatoa moshi mweupe, na kwenye foleni inatetemeka mpaka kioo cha kutazamia nyuma kinacheza. Gereji nyingine walishamuuzia sensa ya hewa, wakamuuzia na pampu, yote kwa kubahatisha. Nikachomeka mashine, injini inaunguruma, nikatazama masahihisho ya dizeli silinda moja moja, yaani injini inaongeza au kupunguza kiasi gani kwa kila moja. Tatu zinachezea karibu na sifuri, moja imeenda mbali peke yake. Sijalegeza hata boliti na nimeshajua pa kuanzia. Siku ile mashine hii niliipenda, ndiyo maana nina hasira hivi.

Mzee akanunua nozeli nne mpya. Nozeli hizi kila moja ina namba yake ndefu kichwani. Hakuna mbili zinazomwaga dizeli sawasawa kabisa, kwa hiyo namba hiyo ndiyo inayoijulisha kontroli boksi, kompyuta ya injini, ipunguze wapi na iongeze wapi. Ukiacha namba za zamani gari litawaka, lakini mtetemo utabaki na mteja atakuona tapeli. Nikaingiza ya kwanza, ikakubali. Ya pili, ikakubali. Nipo kwenye ya tatu kioo kikaganda, yakaja maandishi mekundu: kifaa hiki hakiruhusiwi kutumika katika eneo hili.

Eneo hili! Imekula umeme wa Dar es Salaam muda wote huo, leo ndiyo inaniambia Dar es Salaam haiijui.

Kwa wasiojua mchezo huu: viwanda vingine vinatenga mashine za kuuzwa soko la China tu, kwa bei ya chini. Wajanja wanazitoa, wanazipakia programu ya Kiingereza, zinavuka bahari. Siku kiwanda kikiona kwa intaneti kwamba namba ya kifaa inatumika nje ya eneo lake, kinaifunga. Wauzaji wanalijua hilo. Mimi nililipa bei ya orijino.

Nikaenda dukani vilevile na ovaroli, mikono ina grisi. Kijana wa kaunta hata macho hakuyatoa kwenye simu.

"Fundi, si ulikuwa unaitumia?"

"Nilikuwa naitumia, ndiyo."

"Basi hela yako imesharudi."

Nikanyamaza kwanza, maana nilihisi nitasema neno baya mbele ya wateja. Akaniomba risiti. Nikampa karatasi ya kuandikwa kwa mkono waliyonipa wao, kwa sababu siku ya kununua eti mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ilikuwa mbovu. Akaigeuza mbele na nyuma: "Hii siyo risiti." Ina muhuri wao! Kisha akaniambia niiache, kuna mtaalamu wao ataifungua, ila nitalipia.

Niseme haki. Kabla ya siku hiyo mashine ilinilisha. Ilikuja IST inaandika P0171, yaani hewa imezidi petroli, mwenyewe ameshaambiwa anunue sensa ya oksijeni. Nikaona nyongeza ya petroli iko juu gari likiwa limesimama, nikikanyaga moto inashuka. Hapo hewa inapenya mahali, na kweli nikakuta mpira umepasuka nyuma ya manifodi. Mteja akaondoka na mpira mpya tu. Kwa kazi kama hiyo ningeipa nyota nne.

Hapana, nne za nini? Multimita yangu imechakaa mpaka maandishi yamefutika. Nachomoa betri, napima pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya gari, nikipata ohm 60 najua waya za mawasiliano na vizuizi vyake viwili viko sawa. Haijawahi kuniuliza niko nchi gani.

Prado niliimalizia kwa mashine ya kuazima, nikamlipa mwenzangu. Mzee hakuniongezea hata senti, na hakutakiwa.

Ukitaka kununua, iwashe palepale dukani, iunganishe na intaneti, chukua namba ya kifaa uwaulize kiwanda ni ya eneo gani kabla hujatoa hela. Muuzaji akianza kusema mtandao unasumbua, vuka barabara nenda duka jingine. Na risiti ya EFD uidai kabla ya begi.

Niliwaandikia kiwanda. Wamejibu kwa adabu kabisa, wakaniita mteja wao mpendwa, na kuniambia wanaweza kuifikiria kuifungua nikiwatumia picha ya risiti halali ya duka. Nimewatumia ile ya mkono, muhuri nimeuelekezea taa. Wakiifungua naongeza nyota mbili za mashine. Duka silipi hata nusu nyota.