FullStop: faneli inayokuonyesha mbolea yako inapokimbilia

Nalima nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji mkoani Iringa, kwenye shamba ambalo sehemu kubwa ni mchanga. Wenzangu wa skimu ya umwagiliaji wakiona alama za FullStop, kifaa kinachoonyesha maji yamefika wapi kwenye udongo, zimesimama kwenye matuta yangu huuliza kama ni kitu cha kununua. Jibu langu ni ndiyo, tena kwa mkulima wa mchanga naweza kusisitiza, lakini sababu yangu si ile inayotajwa na wengi.

Kifaa kimebuniwa na Richard Stirzaker wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia. Hakina betri wala waya. Ni faneli ya plastiki unayoifukia kwenye eneo la mizizi. Maji yakishuka huingia kwenye mdomo mpana, na kadiri faneli inavyokuwa nyembamba yanazidi kujikusanya, mpaka udongo wa chini unashiba na maji kuanza kuchuruzika. Yanapita kwenye mchanga wa kuchujia, yananyanyua boya, na alama inachomoza juu ya ardhi. Alama hubaki juu mpaka uibonyeze, kwa hiyo hata mwenye zamu ya usiku ataikuta asubuhi.

Wengi wanakomea hapo: alama imetoka, funga maji. Kwangu mimi kilicho muhimu zaidi ni ule mrija mwembamba unaotoka chini ya faneli. Unachomeka bomba la sindano na kunyonya maji yaliyobaki, na hayo ni maji yaliyopita kati ya mizizi yakiwa yamebeba kila kilichoyeyuka. Chovya karatasi ya kupimia nitrati, yaani naitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka kwenye maji. Ikibaki nyeupe, hakuna kitu. Ikiwa zambarau iliyokolea, nitrati ni tele.

Nimefukia moja kwenye sentimita 20 na nyingine kwenye sentimita 40. Baada ya kuweka yurea kwenye nyanya changa tulimwagilia kama kawaida ya huku, yaani mpaka mifereji ya matuta ifurike, na alama zote mbili zikatoka. Wiki zilizofuata, kila zamu ya maji, karatasi ya juu ilikuwa inafifia na ya chini inakolea. Hapo mbolea ilikuwa imeshavuka mizizi, na nyanya changa haina namna ya kuifuata.

Sababu yake inaeleweka. Nitrati ina chaji hasi, na chembe za mfinyanzi nazo zina chaji hasi, hivyo hakuna cha kuishika. Maji yakienda nayo inakwenda. Amoniamu, umbo jingine la naitrojeni ya mbolea, hushikwa, na fosfati hugandia udongo, lakini yurea ambayo haijabadilika kuwa amoniamu na kisha nitrati husafiri na maji vilevile. Sasa angalia tabia ya mchanga. Ukijaa maji, matundu yake makubwa hupitisha kwa kasi. Ukianza kukauka, matundu hayo huingiwa na hewa, maji yanabaki utando mwembamba kuzunguka punje, na mwendo hushuka mno. Nitrati hutulia karibu pale ilipo na mizizi inapata muda wa kuinywa. Kwa hiyo mbolea nyingi huondoka siku zile chache tunazomwagilia kupita kiasi.

Ndiyo maana sasa nagawa mbolea kidogo kidogo, na alama ya chini ikitoka siku ya maji, zamu inayofuata naiachia jirani. Wakulima wa skimu ya Kiwere, hapa hapa Iringa, walitumia vifaa hivi katika mradi ulioanza mwaka 2013. Walipunguza kumwagilia na mavuno yakapanda.

Lakini kijue kisichoweza. Faneli haioni maji yanayoshuka polepole. Boya hunyanyuka pale tu udongo wa juu yake unapokuwa umekaribia kushiba. Mvutano wa maji, yaani nguvu ambayo udongo unayashikia maji, ukizidi takriban kilopaskali 2 au 3, udongo wa pembeni huyavuta maji yakaizunguka faneli. Siku kadhaa baada ya kumwagilia maji yanaweza kuendelea kushuka na nitrati yake bila alama kutikisika. Usiseme hakuna kilichopotea kwa sababu alama ya chini imelala. Ukiweza, tumia pamoja na Chameleon, kifaa kingine cha watu hao hao, kinachoonyesha taa ya bluu udongo ukiwa na maji mengi, kijani ukiwa na unyevu wa wastani, nyekundu ukiwa mkavu.

Kazi ya kufukia msimwachie kibarua peke yake. Udongo urudishwe kwa tabaka zake na kushindiliwa kiasi, la sivyo shimo linageuka njia ya mkato ya maji. Vipimo vya mwanzo, kabla udongo haujakaa sawa, msiviamini. Na karatasi za nitrati zikae kwenye kopo lake lililofungwa, maana zikipata unyevunyevu rangi zake hazina maana tena.