Maswali ya oganiki usinunue, nunua masahihisho: madesa yapi yanastahili hela yako kabla ya NECTA

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba hivi wadogo zetu wa form four wanaanza kuomba hela ya madesa (zile karatasi na vijitabu vya kujisomea) ya oganiki, ile kemia ya misombo ya kaboni, na sie tunatuma tu bila kuuliza. Mwaka jana mi nilimtumia mdogo wangu mara tatu ndani ya mwezi mmoja, ya nne nikasema hapana, ngoja kwanza nije nione hizo hela zinanunua nini. Mi sio mwalimu, nilisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) zamani na saa hizi niko duka la dawa, ila kemia sijaisahau kiasi hicho.

Oganiki inawatesa kwa sababu ya ilipokaa, iko huko mwishoni kidato cha nne baada ya zile non-metali, shule nyingi zinaifikia mock imeshabisha hodi so inafundishwa fasta fasta, mtoto anabaki na majina matupu. Hapo ndo wauza madesa wanapopatia riziki. Na wanachouza wengi ni maswali, wakati maswali ni bure jamani, pasti pepa zimejaa mtandaoni na steshenari yoyote jirani na shule wanazo kwenye flashi. Kitu adimu ni mtu wa kukwambia umekosea wapi. Nimepanga kwa kuangalia hilo tu.

Namba moja: mwalimu wa kusahihisha, kwa pepa. Sisemi tuisheni ya kujaa watu sitini kwenye banda moja, hapana. Mtafute mwalimu wa kemia, mkubaliane mtoto anafanya maswali ya oganiki matano au sita kwa saa moja bila daftari, yeye anasahihisha kwa peni nyekundu halafu wanaongea dakika ishirini. Mi nilikubaliana na mmoja buku tano kwa kila pepa, na zile pepa nne za mwanzo zilimsaidia dogo kuliko vitabu vyote alivyokuwa navyo. Maana makosa yake yalikuwa ya aina ambayo ukijisahihisha mwenyewe huyaoni. Kaulizwa atatofautishaje ethani na etheni, kajibu maji ya bromini yanabadilika rangi, yeye kajipa tiki, mwalimu kampiga mkasi: kutoka rangi gani kwenda rangi gani? Ni kahawia kwenda kutokuwa na rangi, na kwenye ethani gizani hakuna kinachotokea. Swali lingine la kutengeneza etheni kutoka ethanoli kaandika asidi ya sulfuri basi, hajasema iliyokolea wala hajataja joto la nyuzi 170 hivi, na ukiishusha mpaka 140 na ethanoli ikawa nyingi unapata etha, kitu kingine kabisa. Maksi za oganiki zinafia kwenye vitu vidogo kama hivyo.

Kama mwalimu hapatikani basi namba mbili ni ripoti za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na kwa kweli kwa bei yake ingeweza kuwa ya kwanza. Ziko bure kwenye tovuti yao, kila somo lina yake, tafuta ya kemia kodi 032. Humo wanachukua swali moja moja wanaeleza watu wamekosea nini na wanaweka kabisa mwandiko wa mtahiniwa aliyepatia na wa aliyeharibu. Watoto wengi hawajui hata kama zipo. Usiprinti ripoti nzima utafilisika, kwetu kopi ni shilingi 100 ukurasa, fungua kwenye simu utafute maswali ya oganiki uprinti hayo tu, ripoti za miaka mitano zinakaa kwenye spairo moja. Dogo afanye swali kwanza NDIPO asome uchambuzi, akianza na uchambuzi hiyo ni hadithi.

Namba tatu, vijitabu vilivyosolviwa. Hapa ndo nilipopigwa. Nilinunua kimoja kizuri cha kung'aa, jina sitaji, ukurasa wa majina ya misombo kimeandika "2-ethilibutani" kama jibu sahihi! Hicho kitu hakipo, mnyororo mrefu una kaboni tano, jina lake ni 3-methilipentani. Mtoto akikariri hivyo si umemlipia hela afeli? So kabla hujatoa hela fungua palepale dukani uangalie vitu vitatu. Moja, majina: ukiona "3-methilibutani" au "2-ethili" chochote kwenye alkani fupi (zile za kaboni na hidrojeni zenye bondi moja moja tu), rudisha. Pili, isoma (fomula moja ila kaboni zimeungwa tofauti) za C₆H₁₄ ziwe 5, C₅H₁₂ ziwe 3. Tatu, mlinganyo wa kuungua kwa butani, molekuli 2 za butani zinataka oksijeni 13, zinatoa kaboni dayoksaidi 8 na maji 10. Kikifaulu vyote kinunue, na muuzaji akinuna mwache anune.

Namba nne ni pepa za Kenya, KCSE (mtihani wao wa kumaliza sekondari) kemia 233, zile pepa za nadharia mbili. Nazipenda kwa zile flochati zao, wanakupa mishale na herufi halafu unataja kitu na kemikali iliyotumika, na wa kwetu kwenye kubadilisha kitu kimoja kuwa kingine huwa ni wadhaifu sana. Ila wenzetu wanaita alkanoli na sisi alkoholi, mwambie mtoto mapema asichanganyikiwe.

Zile seti za mipira ya plastiki za kuunda molekuli ni nzuri lakini sio lazima, udongo wa mfinyanzi na njiti za meno zinatosha kabisa. Dogo alikuwa anachora isoma saba za C₆H₁₄, kumbe mbili ni mnyororo uleule kaukunja kona, alipoujenga kwa udongo akaugeuza mkononi akacheka mwenyewe.

Programu za simu za maswali ya kuchagua ni za kwenye daladala tu, hazikufundishi kuchora wala kuelezea.

Na ya mwisho kabisa, hata namba siipi, ni magrupu ya kulipia yanayosema wana pepa yenyewe. Mtihani wa taifa kuvujisha au kununua ni kosa na matokeo yanaweza kufutwa, halafu ni feki pia. Rafiki yake dogo alichanga buku kumi na wenzake wakatumiwa PDF usiku, nikaomba niione, ilikuwa mock ya zamani, juu wamefuta mwaka ila ukurasa wa mwisho chini kabisa wameusahau.