Peugeot 504 ya saluni: tathmini baada ya miaka sita ya kuitengeneza na kuiendesha Mombasa

Kila Jumapili asubuhi, wenye magari ya zamani wachache wa mji huu tunapokutana pale Mama Ngina kabla jua halijawa kali, hakosekani mtu wa kulizunguka gari langu, Peugeot 504 ya saluni (ile ya milango minne yenye buti nyuma), na kuuliza kama bado ni gari la kununuliwa siku hizi. Wengi huuliza kwa sababu baba au babu zao waliwahi kuwa nalo. Wengine wameliona moja likiuzwa Kisauni au Changamwe, na muuzaji amewahakikishia kwamba injini yake ni nzima. Nimekaa na gari hili miaka sita, nimelifungua karibu kila mahali panapofungulika, na kwa kuwa jibu langu haliwezi kutolewa lote mtu akiwa amesimama na kikombe cha kahawa tungu mkononi, nimeona bora niliandike. Ni gari jema mno kwa mpenzi wa magari ya kale anayeishi Mombasa, pengine kuliko jingine lolote, lakini anayelikagua kwa kusikiliza injini analikagua upande usio na hatari. Injini ya 504 hutengenezeka. Bati ndilo linalokufa.

Gari hili lilizinduliwa mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na mara likapewa heshima ya Gari Bora la Mwaka 1969 barani Ulaya. Kule Ulaya saluni iliacha kuundwa mwaka 1983, lakini Afrika haikuwa na haraka ya kuagana nalo: 504 iliendelea kuunganishwa Kaduna nchini Nigeria, na hapa kwetu Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kwa miaka mingi baada ya hapo. Sitaji hilo kwa fahari ya mji peke yake. Gari lililounganishwa hapa limeacha mafundi hapa, na fundi wangu, mzee wa Majengo ambaye macho yake sasa hayaoni vizuri maandishi madogo, huitambua nati ya 504 kwa kuipapasa. Katika mashindano ya magari ya Safari Rally, Peugeot 404 ilikuwa imeshinda mara nne katika miaka ya 1960. 504 ikashinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha mwaka 1978 504 ya kupe, yaani ya milango miwili, yenye injini ya V6 (silinda sita) ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Waliokuwa watoto wakati huo ndio watu wazima wanaonipigia honi leo pale Buxton.

Sasa nije kwenye bati, kwa maana hapo ndipo fedha zangu zilipokwenda. Nililinunua gari likiwa na rangi nyeupe inayong'aa, namba yake ikiwa ile ya zamani ya herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, kwa shilingi 260,000, nami nikaamini nimebahatika. Wiki ya tatu nilibonyeza kizingiti cha mlango wa kushoto kwa kidole gumba, na kidole kikaingia. Ndani mlikuwa na magazeti yaliyokunjwa, juu yake fila, ule ujiuji mgumu wa kuzibia mashimo ya bati, na juu ya fila rangi. Gereji iliyofanya kazi ile sitaitaja, lakini aliyeifanya alijua anachokificha, kwa sababu kizingiti katika gari hili si pambo. 504 haina chesisi, yaani fremu ya chini, ya kujitegemea. Sakafu, vizingiti na nguzo za milango ndivyo vinavyolibeba, na kizingiti kikioza gari hulegea katikati mpaka mlango wa nyuma ukataa kufunga.

Kutu ya Mombasa ina tabia yake. Hewa ya bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu ule huingia katika mapango ya bati ambayo brashi ya rangi haikuwahi kufika, kwa hiyo gari huoza kutoka ndani kuja nje, na siku unapoona lengelenge dogo juu ya rangi, upande wa pili umekwisha kuliwa zamani. Mkaguzi anapaswa kuinua mazulia yote, ya mbele, ya nyuma na ya buti. Apapase matao ya magurudumu ya nyuma kwa ndani. Afungue boneti na kutazama pale juu ambapo springi za mbele zinashikilia mwili wa gari, maana palipooza hapo hapana mzaha. Kisha apitishe sumaku iliyovikwa kitambaa juu ya bati zima. Pale sumaku inapokataa kushika, chini pana fila. Sijaona kipimo kilicho rahisi kuliko hicho, wala muuzaji aliyefurahi kukiona.

Matengenezo yangu yalichukua miezi mitano. Fundi alikata bati bovu mpaka akafikia bati lenye uzima, akachomelea jipya, akapaka rangi ya msingi yenye zinki, akaacha matundu ya kutolea maji ambayo yule wa kwanza alikuwa ameyaziba, na baada ya rangi kukauka tukapuliza nta ndani ya mapango. Wengi hapa hupuliza oili chafu ya injini. Inasaidia, lakini hutiririka kwa joto na huchafua sakafu ya mtu, na nta hudumu zaidi. Kazi hiyo ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya matengenezo ya injini, nami ningeilipa tena.

Injini yangu ni ile ya sentimita za ujazo 1,971, yenye silinda nne, mwili wa chuma cha kusubu na kichwa cha alumini. Slivu zake, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikugandamana na mwili wa injini. Zimesimama zikizungukwa na maji, na chini yake zimezibwa ili maji yasishuke kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Uzuri wake ni kwamba zikichakaa hakuna haja ya kupeleka injini kuchongwa: unanunua seti ya slivu na pistoni, unatoa za zamani, unaingiza mpya. Ubaya wake niliujua kwa maumivu. Gasketi ya kichwa ilipoungua, nililipeleka gari kwa gereji nyingine kwa kuwa mzee alikuwa mgonjwa, na kijana aliyekuwa akifanya kazi aliizungusha kranki, mhimili unaosukuma pistoni, huku kichwa kimeshatolewa. Pistoni zilizipandisha slivu kidogo tu, mziba wa chini ukaachia, na baada ya siku mbili za kuendesha, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Anayepeleka 504 kwa fundi asiyemjua na amuulize, kabla ya kumkabidhi ufunguo, atazishikilia slivu kwa njia gani kichwa kikitoka. Mwenye kuijua injini hii atajibu papo hapo.

Jambo jingine ni maji. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na maji hayo yakitiwa kwenye rejeta yenye kichwa cha alumini mwisho wa mkondo wake, alumini huliwa pale pale inapokaliwa na gasketi. Nilikuta kichwa changu kina vishimo vinavyoingia ncha ya kalamu. Tangu hapo natia maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu, nabadilisha kila baada ya miaka miwili, na chupa ya akiba hukaa kwenye buti ili nisije nikasaidiwa njiani na mtu mwenye ndoo.

Kuna kifaa kimoja cha 504 ambacho nakipenda kuliko vyote na ambacho mafundi wengi wanakichukia, nacho ni feni yake. Haizunguki muda wote. Imefungwa kwa sumaku ya umeme, na joto likipanda swichi huiita, likishuka huiachia. Kwa gari la miaka ya 1960 lilikuwa wazo la busara kubwa. Burashi ya kaboni inayoipelekea umeme huisha, feni haishiki tena, na mwenye gari hajui mpaka awe nyuma ya malori ya makontena Changamwe saa saba mchana, au katikati ya kilima cha Mazeras kama nilivyokuwa mimi. Dawa ya mtaani ni kuikaza kwa bolti izunguke daima. Mimi nilitafuta kaboni yenye upana unaokaribiana, tukaichonga kwa msasa ikakaa, na sasa naikagua kila oili inapobadilishwa.

Kuhusu kulibadilisha gari, wenzangu tunabishana. Mimi nimeondoa pointi za distributa, zile zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche, na kuweka mfumo wa kielektroniki uliojificha ndani ya kifuniko kile kile, na asubuhi za mvua gari huwaka mara ya kwanza. Nimeweka rilei, yaani swichi ndogo za umeme, za taa za mbele, kwa sababu katika nyaya za asili umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya usukani, na swichi hiyo haipatikani ikiungua. Nimefunga mikanda kwenye viti vya nyuma. Mabadiliko hayo yote yanaweza kuondolewa kwa spana bila kuacha kovu. Ninalolipinga ni kuweka injini ya Toyota, ambalo hushauriwa na kila mpita njia. Katika 504, propela shafti imefungwa ndani ya bomba gumu linalounganisha gia boksi na difu kuwa kitu kimoja, hivyo injini ngeni hailetwi peke yake: hukata bomba, huleta gia boksi yake, na mwisho kinachobaki ni bati la Peugeot juu ya gari jingine.

Barabarani ndipo mtu anapoelewa kwa nini nimejitaabisha. Springi zake ni ndefu na laini, na katika saluni ya aina yangu kila gurudumu la nyuma hutembea peke yake, kwa hiyo matuta na mashimo ya barabara za mitaani hupita chini kana kwamba yanamtokea mtu mwingine. Viti vinampokea mtu mzima kama kiti cha sebuleni. Usukani hauna msaada wa umeme wala wa mafuta, na kuegesha karibu na Marikiti siku ya Jumamosi ni kazi ya mabega. Gari likishatembea, wepesi wake unashangaza. Kiyoyozi hakuna. Madirisha manne yakishushwa katika daraja la Nyali jioni, sijakihitaji.

Mwaka jana tulikwenda Malindi tukiwa magari matano: mawili ya 504, Land Rover, Datsun ya pikapu na Volkswagen ya kobe. Tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi Mtwapa, na kilomita chache baada ya Kilifi pampu yangu ya petroli ikachoka, utando wake wa ndani ukiwa umepasuka. Mwenye 504 ya pili akafungua bati la biskuti, akatoa utando mpya uliokuwa umefungwa kwa karatasi ya mafuta, na yule wa Land Rover, mwenye mikono mikubwa kuliko sote, ndiye aliyeziingiza zile skrubu ndogo. Tulichukua dakika arobaini chini ya mwembe. Gari la namna hii halinunuliwi na mtu asiye na wenzake, nami namshauri yeyote aje kwanza atuzoee, aguse magari yetu, ndipo atafute lake.

Spea za injini, breki na mguu wa mbele hazinitii hofu, kwa kuwa pikapu za 504 zilibaki kazini muda mrefu baada ya saluni na vitu vingi vinashirikiana. Vinavyoadimika ni vioo vya taa za nyuma, mapambo ya kromu, na zaidi ya vyote mipira ya milango na ya kioo cha mbele. Jua huipasua mipira hiyo, maji hupenya, hukaa chini ya zulia, na kutu huanza upya katika gari ambalo mtu amelikarabati kwa miezi mitano. Kwa hiyo nikialikwa kukagua 504 kwa niaba ya mtu, huchagua asubuhi baada ya usiku wa mvua, na kabla ya kuomba ufunguo huomba kuinua zulia la mbele. Likiwa limelowa, tunamshukuru mwenye gari, na injini hatuiwashi.