Rivyu: miezi mitano gereji na gari ya kifahari iliyozima Chalinze

Wakuu, naandika nikiwa nimeshatulia, maana ningeandika mwezi wa pili yangekuwa matusi tupu. Brandi sitaji na gereji sitaji. Ni sedani ya Ulaya ya 2012, viti vya ngozi, sunrufu, nilichukua yadi moja hapa Dar kwa milioni 31, dashibodi inasoma kilomita 84,000 (ndo nilivyoambiwa, na mimi nikaamini). Miezi saba ya kwanza sina baya la kusema, barabarani imetulia, ndani kimya, bodaboda inapita ubavuni husikii, yani ukirudi kwenye gari ya ofisi unaona umepandishwa trekta.

Siku yenyewe natoka Moro, nimeipita Chalinze kidogo tu, spidi 80, haichemshi, haitoi moshi, geji ya joto iko katikati. Nikasikia ko-ko-ko huko mbele, nikajua nimekanyaga kitu, sijakaa sawa taa nyekundu ya oili ikawaka na gari ikazima hapo hapo, usukani mzito, breki haishuki, nyuma kuna lori la kontena linapiga honi tu. Sijui hata nilifikaje pembeni. Toka mlio wa kwanza mpaka kimya hazikufika sekunde kumi, kwa hiyo mtu akiniambia "ungewahi kuzima" namwangalia tu.

Brekdauni mpaka Dar laki nne na nusu. Hiyo ndo ilikuwa hela ya kistaarabu kuliko zote zilizofuata.

Sasa gereji. Ni zile za vioo, ukifika unaletewa kahawa, dada wa mapokezi anakuita bosi. Kupima kwenye kompyuta laki mbili, kompyuta ikasema presha ya oili imeshuka, kitu ambacho taa ya dashibodi ilishaniambia bure kule Chalinze. Wiki tatu wanazunguka na hilo, mwisho wakasema injini ishuke. Haya, ikashuka. Sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) ilivyofunguliwa, oili imejaa unga wa chuma unang'aa kama vile vipodozi vya bibi harusi, beringi ya konrodi moja (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki) imezunguka na kuila krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni.

Hapa niwape haki yao, kuna fundi mmoja dogo tu aliniita akanionyesha kila kitu, alieleza vizuri kuliko meneja wake. Anasema beringi na krenki kwa kawaida hazigusani, katikati kuna utando mwembamba wa oili, sasa oili ikichoka au presha ikilegea chuma kinakutana na chuma, joto linapanda, beringi inang'ang'ania krenki inaanza kuzunguka nayo, inaziba tundu lake la oili, basi hapo huna injini. Akaniuliza oili ilikuwa inamwagwa kila baada ya kilomita ngapi huko ilikotoka. Najuaje kaka! Kwao Ulaya kuna magari yameandikiwa mpaka kilomita 30,000 kwa oili moja, na yadi kabla ya kuuza wanaweka mpya, ukichomoa kijiti cha kupimia oili unaona asali. Dogo anasema kabla ya kununua mwombe muuzaji filta ya oili ya zamani itolewe, ikatwe, uipitishie sumaku. Muuzaji akikataa, na wewe kataa gari.

Baada ya hapo maigizo yakaanza. Injini mpya milioni 24. Nikauliza, si tuchonge krenki tu? "Bosi hizi hazichongwi." Nikaenda Gerezani, kule kwa mafundi hapa Dar, mzee mmoja akacheka akasema kuchonga inachongwa, ila beringi za kuendana na krenki iliyochongwa sijui utazipata wapi hapa mjini, agiza usubiri. Nikakubali injini ya mtumba toka Uingereza, milioni 11, waranti siku 14. Miezi miwili na nusu iko njiani. Imefika, sio yenyewe!! Herufi ya mwisho ya kodi (code, ile namba ya aina) ya injini tofauti, soketi za sensa haziingiliani, na kodi walisoma wao, wakaagiza wao, ila hela ya kubadilisha eti tugawane. Na wakati nabishana nakuta kwenye bili wameweka paking elfu kumi kwa siku. Paking ya gari ambayo injini yake wao ndo wameishusha! Hiyo nilikataa katakata, wakaifuta, nikalipa milioni 1.8 ya "kugawana" ili yaishe. Ukijumlisha na ufundi, gasketi na oili, imenitoka karibu milioni 17, zaidi ya nusu ya bei ya gari.

Na kabla hamjaja na "ungechukua Toyota", Toyota wenyewe 2024 waliita yarudi kurekebishwa magari kama 102,000 Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, mabaki ya chuma ya kiwandani yalibaki ndani ya injini yakawa yanakula beringi, gari inaweza kuzima ukiwa unaendesha. LX hiyo hiyo mnayoipisha barabarani. Mwezi wa nne 2025 GM (General Motors) nao, magari karibu laki sita Marekani, injini ya V8 ya lita 6.2 iliyomo kwenye Cadillac Escalade, shida krenki na konrodi, zilizopimwa zikaonekana nzima zikawekewa oili nzito zaidi. Tofauti ni kwamba wale walitumiwa barua wakaambiwa leta gari, injini juu yetu. Mimi ni mmiliki wa tatu au wa nne, nikipeleka namba ya chesisi kwa wakala wananiambia hii gari hatukuiuza sisi, na kweli hawakuiuza wao.

Nyota: gari naipa nne, sitadanganya, bado naipenda. Gereji mbili, moja ya yule dogo na moja ya kahawa. Kilichoniumiza sio hata ile milioni 17, kwenye magari haya hela ilipo inaeleweka, ile injini ya dizeli ya BMW, N47, cheni yake ya taimingi wameiweka nyuma upande wa giaboksi, kuibadilisha tu ni kazi ya siku kadhaa. Kilichoniumiza ni "kesho bosi" ya miezi mitano.

Sasa hivi ina kilomita 1,900 toka iwashwe, oili nimemwaga mara mbili tayari, na asubuhi nikiwasha nasimama nje dakika nzima nasikiliza, majirani wananiona chizi. Wife Moro anaenda kwa SGR, ameshasema gari hii hapandi.