Filamu za pool zilizonifundisha kukaa kwenye kiti

Nimecheza pool kwa miaka tisa, na kwa miaka mingi kati ya hiyo niliamini mchezo huu unachezwa ukiwa umeinama juu ya meza. Fimbo mkononi, jicho kwenye mpira, basi. Filamu ndizo zilizonifungua macho kwamba nusu ya mchezo mtu anaicheza akiwa amekaa, fimbo imesimama katikati ya magoti, mwenzake anatumbukiza mpira mmoja baada ya mwingine na yeye hana la kufanya. Nimezitazama filamu hizi mara nyingi kiasi kwamba nyingine najua mpira gani utaingia shimo gani. Nazizungumzia hapa kama mchezaji anayetafuta kitu cha kumsaidia mezani.

Naanza na The Hustler ya mwaka 1961, kwa sababu bila hiyo sidhani kama hizi nyingine zingekuwepo. Iliongozwa na Robert Rossen na imetokana na riwaya ya Walter Tevis. Paul Newman ni Eddie Felson, kijana mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, anayekuja kumtafuta Minnesota Fats, mchezaji ambaye kila mtu anasema hapigiki. Fats ameigizwa na Jackie Gleason. Ni picha ya nyeusi na nyeupe, inapita saa mbili, na sehemu kubwa ya kukumbukwa ni wanaume wawili wanaozunguka meza moja katika ukumbi uliojaa moshi wa sigara. Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani atasinzia. Mimi sikupepesa.

Lakini lazima niseme jambo kuhusu nakala. Ya kwanza niliyoipata ilikuwa imekatwa pembeni ili ijae kwenye televisheni za zamani zenye kioo cha mraba. Filamu hii ilipigwa kwa picha pana sana, na mpiga picha wake, Eugen Schüfftan, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Meza ya pool ni kitu kirefu na cha chini, kwa hiyo upana ule haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Rossen anampanga mchezaji upande mmoja na anayesubiri upande mwingine, wote wawili ndani ya picha moja. Nakala yangu ilikuwa imemfuta yule anayesubiri. Niliiangalia mara mbili bila kujua kwamba pembeni kuna mtu amekaa anaumia. Nilipopata nakala kamili nikawa kama ninaitazama filamu mpya. Kwa hiyo ukiitafuta, hakikisha ni ile yenye mistari myeusi juu na chini ya kioo. Usiridhike na nyingine.

Sasa nije kwenye tukio lenyewe. Eddie na Fats wameanza kucheza jioni na hawajaacha hadi siku ya pili imewakuta. Eddie anaongoza kwa maelfu ya dola. Mwenzake Charlie anamsihi waondoke na pesa zao, naye anakataa. Anasema mchezo utaisha Fats atakaposema umeisha. Anakunywa pombe moja kwa moja kutoka kwenye chupa, shati limelegea, anacheka hovyo. Fats naye amechoka, jasho linamtoka, ameshindwa mchezo baada ya mchezo. Ndipo anaondoka kwenda maliwato. Ananawa mikono taratibu, hana haraka hata kidogo. Anajiweka sawa nywele. Anapakwa poda mikononi, anavalishwa koti lake, anatoka akiwa nadhifu kama mtu ndiyo kwanza amefika. Kisha anamwambia Eddie waendelee kucheza.

Hakuna mpira uliopigwa hapo, lakini mechi imeishia hapo. Ukimtazama Eddie usoni unaona kwamba amekwisha, na yeye mwenyewe bado hajajua. Baada ya hapo ni kuporomoka tu, hadi pesa zote zile zinabaki dola 200.

Mimi nilikuwa Eddie kabla sijaitazama filamu hii. Katika mashindano ya mpira wa tisa, ambapo anayeuingiza mpira namba tisa ndiye anayeshinda mchezo, niliwahi kuongoza michezo 6 kwa 2, anayefika 7 ndiye mshindi. Nikashindwa 7 kwa 6. Kila mpinzani alipokuwa mezani nilikaa nikihesabu makosa yangu, nikitikisa kichwa, nikimtazama kwa chuki kila alipopaka chaki. Nilipopata zamu yangu mkono ulikuwa umekaza kama ubao.

Miezi kadhaa baadaye nikajikuta palepale: 6 kwa 2, halafu 6 kwa 5. Safari hii nikaomba dakika mbili. Nikaenda kunawa. Maji yalikuwa ya baridi, nikakausha kidole kimoja kimoja, na niliporudi kitini nikamtazama yule ndugu anavyocheza kama ninavyotazama mtu yeyote mwenye mkono mzuri. Alikosea mpira wa sita. Nilipofika mezani niliona njia nyembamba ya kuuingiza, ya aina ile ambayo zamani ningeijaribu kwa hasira. Badala yake niliugusa taratibu, nikauacha mpira mweupe umejificha nyuma ya wa nane. Katika mpira wa tisa lazima ugonge kwanza wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Akashindwa kuufikia, nikapewa mpira mweupe niuweke popote ninapotaka. Wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Ile ilikuwa mechi yangu ya kwanza kushinda kwa kutulia.

Kinachonifanya niiamini filamu hii ni kwamba michezo yake si ya kughushi. Mshauri wao wa kiufundi alikuwa Willie Mosconi, bingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957. Mwaka 1954, mjini Springfield, Ohio, Mosconi aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosea katika mchezo ule ule wanaocheza Eddie na Fats, ambao unataja mpira na shimo kabla ya kupiga na kila mpira ni pointi moja. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 60 kabla ya kuvunjwa. Mwenyewe anaonekana kwenye filamu kwa muda mfupi, ndiye anayeshika pesa za dau. Gleason alikuwa mchezaji hodari hata kabla ya kuigiza, na mipigo anayopiga ni yake. Tazama anavyotembea kuzunguka meza: mtu mnene vile, lakini nyayo zake laini na hapotezi hatua. Newman alijifunza kwa ajili ya filamu, akafika mahali pazuri sana, ingawa ule mpigo wa kusimamisha fimbo wima ili mpira upinde njia ulipigwa na Mosconi. Nimeusimamisha na kuurudia mkono wa Gleason unavyoshika fimbo mara nyingi kuliko video yoyote ya mafunzo. Mkono wa nyuma umelegea kabisa. Hauminyi.

Kuna sehemu nyingine ambayo wapenzi wa pool huiruka kwa sababu haina meza. Eddie amevunjwa vidole gumba, mikono yake imo kwenye plasta, wametoka kwenda kupumzika nje yeye na Sarah, aliyeigizwa na Piper Laurie. Hapo anajaribu kumweleza inavyokuwa pale mchezo unapomkubali: fimbo inakuwa sehemu ya mwili wake, kama kipande cha mti chenye mishipa ya fahamu, na anajua tu kwamba mpira utaingia. Sikuwahi kusikia mtu akilisema jambo hilo kabla yake, na nilikuwa nimelihisi labda mara tatu maishani. Siku za tizi mbaya, zile ambazo hata mpira ulionyooka unagoma, naikumbuka sehemu hiyo na sirudishi fimbo kwenye mfuko wake.

The Color of Money ilikuja miaka 25 baadaye, 1986, chini ya Martin Scorsese. Eddie sasa ni mtu mzima, anauza pombe, na anamgundua kijana Vincent, aliyeigizwa na Tom Cruise. Mchezo umebadilika pia: hapa ni mpira wa tisa, wa haraka, na picha nazo zinakimbia. Kamera inazunguka meza, inafukuza mpira, inaruka na chaki. Newman alipata Oscar ya mwigizaji bora kwa filamu hii, na nadhani ilikuwa haki yake, ingawa kwa The Hustler alistahili zaidi.

Filamu hii iliniharibu kwanza kabla ya kunitengeneza. Kuna tukio ambalo Vincent anacheza huku muziki unalia, anaizungusha fimbo kama upanga, anaruka, anapiga mpira bila kuuangalia vizuri. Cruise alijizoeza mpaka mipigo karibu yote ni yake. Mmoja tu, wa kurusha mpira mweupe juu ya mipira miwili, ulipigwa na mchezaji wa kulipwa Mike Sigel. Nadhani kila kijana aliyeona tukio hilo ameizungusha fimbo siku iliyofuata. Nami niliizungusha. Ilinichukua muda kuona kwamba Eddie, anayelitazama yote hayo, anakasirika. Vincent amempiga mchezaji bora wa ukumbi ule kwa kujionyesha, na kwa hilo amemfukuza mtu aliyekuwa na pesa nyingi zaidi, ambaye wangecheza naye kwa dau. Ameshinda na amepoteza kwa pigo lilelile. Scorsese ameipiga sehemu hiyo kwa mvuto kiasi kwamba unashawishika pamoja na Vincent, na hasira ya Eddie unaielewa ukiitazama mara ya pili.

Iliponitengeneza ni kwenye miwani. Eddie anafungwa na kijana mmoja aliyejifanya hajui kucheza, Amos, na Forest Whitaker ameiigiza nafasi hiyo kwa dakika chache tu lakini huwezi kumsahau. Eddie anaaibika. Na baada ya aibu hiyo anakwenda kupimwa macho, anavaa miwani, anaanza mazoezi upya kama mwanafunzi. Mimi nilikuwa nikikosa mipira ya mbali inayohitaji kuguswa pembeni kidogo tu, mwaka mzima nikilaumu mkono, nikibadilisha namna ya kusimama, nikinunua chaki nyingine. Baada ya kulitazama tukio hilo nikaenda kupima macho. Jicho la kushoto lilikuwa na tatizo. Nina miwani sasa, na mpira wa mbali una ukingo.

Wapenda vifaa watataka kujua kuhusu fimbo ya Balabushka ambayo Eddie anampa Vincent. George Balabushka alikuwa fundi wa kweli, na fimbo zake ni za thamani kubwa. Iliyotumika kwenye filamu ilikuwa ya kampuni ya Joss, imetengenezwa ifanane nayo, maana nani angempa mtu Balabushka halisi aizungushe vile! Na jina la filamu lenyewe lilirudi mezani: mwaka 1996 huko Hong Kong, Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani walicheza mechi iliyopewa jina la The Color of Money, anayefika michezo 120 anachukua dola 100,000 zote. Reyes alishinda 120 kwa 117. Nikiwaza siku zile za kukaa na kusubiri, kwa mechi ya urefu huo, nahisi ubaridi mgongoni.

Nyingine nitazigusa kwa haraka. Poolhall Junkies ya mwaka 2002, aliyoiandika, kuiongoza na kuigiza Mars Callahan, ina mipigo ya kuvutia macho na Christopher Walken anayeibeba kila anapotokea, lakini hadithi ni dhaifu na watu wake wanaongea sana. Itazame na marafiki kabla ya kwenda kucheza, inaamsha hamu. Turn the River ya 2007, iliyoongozwa na Chris Eigeman, naipenda zaidi. Famke Janssen ni mama anayecheza kwa dau ili ampate mwanawe, na anacheza bila mbwembwe, kichwa chini, kama mtu aliye kazini. Natamani zingekuwepo nyingi zenye mwanamke mezani. Nacheza na wanawake wanaonifunga kila wiki, na kwenye filamu hizi karibu wote wanakaa pembeni wakimtazama mwanamume.

Nina kinyongo kimoja nazo zote. Zinaonyesha dau, ngumi na usiku mrefu, na hakuna hata moja inayokaa na mtu anayerudia mpigo mmoja mara 200 peke yake. Mtu mgeni kwenye mchezo anaweza kudhani pool haina ladha bila pesa juu ya meza. Ninayefanya naye tizi hajawahi kuweka dau maishani, na ni mmoja wa wachezaji wazuri ninaowajua.

The Hustler naipa nyota tano, The Color of Money nne na nusu, Turn the River nne, Poolhall Junkies mbili na nusu. Anza na ile ya zamani, hata kama nyeusi na nyeupe inakutisha. Juzi nimeitazama tena na huyo mwenzangu wa tizi, yeye mara yake ya kwanza. Fats aliporudi kutoka maliwato amevaa koti, mwenzangu alikuwa ameegemea nyuma na mikono kifuani. Akakaa wima. Hakusema kitu, akachukua rimoti, akairudisha hadi pale maji yanapoanza kutiririka.