Kizimba cha neti cha kufugia vipepeo: uzoefu wangu na watoto wa darasa la awali

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali wilayani Muheza, mkoani Tanga, ambako mtoto hahitaji kufundishwa mchungwa ni nini. Mwezi Februari nilinunua kwa fedha zangu, shilingi 28,000, kizimba cha neti cha kukunja chenye kimo cha sentimita 60, kilichouzwa kwa maelezo kwamba ni cha kufugia vipepeo darasani. Nimekitumia muhula mzima na watoto 34, wengi wao wa miaka mitano, na ninaandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu anayefikiria kununua kama hicho.

Nianze na kasoro iliyoniuma zaidi. Upande mmoja wa kizimba umewekwa plastiki angavu badala ya neti ili watoto waone vizuri. Kuona wanaona kweli, lakini kipepeo anapotoka kwenye pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kuwa kipepeo, mabawa yake huwa yamelowa na kujikunja, na ni lazima apate mahali pa kushika, aning'inie, asukume maji ya mwili kwenye mishipa ya mabawa mpaka yanyooke kabla hayajakauka. Kipepeo wetu wa kwanza alitoka saa mbili asubuhi, tukiwa kwenye somo la kuhesabu, akaielekea ile plastiki, akapanda, akateleza, akapanda tena. Nilipofungua zipu na kumpa kijiti muda ulikuwa umekwisha: bawa la kushoto lilibaki kama karatasi iliyofinyangwa. Aliishi siku nne, akinyonya maji ya sukari kwenye pamba. Tangu siku hiyo nimeifunika plastiki kwa ndani kwa kipande cha chandarua chakavu, na hakuna mwingine aliyepata kilema.

Sakafu yake, kwa upande mwingine, ni nzuri: kinyesi cha viwavi, ambacho ni kingi kuliko unavyodhani, hufutwa kwa kitambaa kibichi kwa dakika moja. Sisimizi hupenya kwenye pembe ambapo zipu mbili hukutana, kwa hiyo niliweka kizimba juu ya stuli na miguu yake nikaitumbukiza kwenye makopo ya maji.

Viwavi hawauzwi pamoja na kizimba, wala huhitaji kuwanunua. Kipepeo wa michungwa, Papilio demodocus, yule mweusi mwenye madoa ya manjano, hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga ya mchungwa, mlimau au mdimu. Kiwavi mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mtoto mmoja alitangaza kwamba kiwavi amejamba, na somo la siku hiyo likaishia hapo.

Makosa mawili yalikuwa yangu, si ya kizimba. Kwanza nilichuma majani kwenye shamba lililokuwa limepigwa dawa, na viwavi sita wakafa ndani ya siku mbili. Kisha nilikusanya viwavi wakubwa tu, kwa kuwa ndio wanaoonekana kwa urahisi. Walipofikia hatua ya pupa, kila mmoja akiwa amejifunga kwa uzi wake kwenye kijiti kama mtoto kwenye mbeleko, tulingoja kwa hamu. Lakini pupa tatu zilitoboka wakatoka funza, na baada ya siku kadhaa funza hao wakawa nzi. "Mwalimu, kipepeo amezaa nzi!" Mzazi mmoja, aliyewahi kufuga vipepeo kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kabla Serikali haijazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, ndiye aliyenifafanulia kwamba nzi alikuwa amekwisha kumtagia kiwavi mayai huko huko mtini, na kwamba inafaa kuchukua mayai au viwavi wachanga kabisa, kisha neti iwakinge. Tulifuata ushauri wake, na katika mayai 14 tulipata vipepeo 11. Mzazi huyo huyo alinionyesha kuziba kwa pamba mdomo wa chupa ya maji tunamosimamisha vijiti vya majani, ili viwavi wasitumbukie majini.

Je, ningekinunua tena? Ndiyo, lakini ningetafuta chenye neti pande zote, hata kama watoto watalazimika kusogeza pua zao karibu zaidi, jambo ambalo hufanya hata hivyo. Kama una fundi cherehani mwaminifu, chandarua cha zamani na waya mgumu vinaweza kukupa kitu kilekile kwa bei ndogo zaidi. Changu nimempelekea fundi wangu juzi, maana zipu ya juu imekwisha kukwama, naye ametaka shilingi 2,000.